Daraja la Mita Nne: Jinsi Gemu za Malori Zinavyokata Barabara

Daraja jipya la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, lililofunguliwa Aprili 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame, lina urefu wa mita 80. Lipunguze kwa uwiano uliotumika kujenga barabara za Ulaya katika gemu ya Euro Truck Simulator 2, yaani 1 kwa 19, na utabaki na daraja la mita 4 na ushei. Kontena la futi 40 peke yake lina mita 12. Kichwa cha lori kingekuwa kimeshaingia Rwanda wakati matairi ya nyuma ya tela bado yanakanyaga Tanzania. Katika gemu yenyewe huwezi kukuta daraja la kituko namna hiyo, na jinsi wabunifu wake walivyolikwepa inaonyesha vizuri ni uongo gani mchezaji huukubali.

Tuipime barabara nzima inayofika darajani upande wa Tanzania. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo, ukipitia Nyakahura, ni kama kilomita 92. Kwa uwiano wa 1 kwa 19 zinabaki pungufu kidogo ya kilomita 5. Ukiendesha kwa mwendo wa 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa malori yetu, unazimaliza kwa dakika zisizofika 4. Lakini saa iliyo kwenye dashibodi ya gemu nayo inakimbia mara 19, kwa hiyo dakika zako hizo inazihesabu kuwa saa moja na dakika 9. Kilomita zinazoandikwa ni 92, mafuta yanapungua kwa kilomita 92, na uchovu wa dereva unapanda kwa saa moja na dakika 9. Mwendo, umbali na muda vinapatana. Kampuni ya SCS Software ya Prague, iliyoitoa gemu hii mwaka 2012, ilichagua uongo mmoja tu, kisha ikavifundisha vyombo vyote vya ndani ya lori kuusema kwa sauti moja. Mchezaji akikagua hesabu, inakubali. Ndiyo maana hata dereva halisi anaweza kuicheza bila kuudhika.

Sasa turudi kwenye urefu wa daraja. Lori halikupunguzwa, wala tela, wala upana wa njia, wala kona. Hivyo vimebaki na ukubwa wake wote kwa sababu ndimo kazi ilimo: kulikunja tela kwenye kona kali, kurudi nyuma mpaka kwenye ghala, kupishana na mwenzako mahali pembamba. Kilichokatwa ni yale masafa marefu ambayo dereva hafanyi chochote zaidi ya kushika usukani. Daraja linajengwa kwa urefu unaokubalika, na mita lilizokula zinafidiwa kwa kukata zaidi msitu ulio kati ya kijiji na kijiji. Katika hesabu hiyo kuna mahali pamoja panapovuja. Ukivuka daraja lenye mita 80 kamili huku vipimo vikizidisha kwa 19, dashibodi itaandika kwamba umeenda kilomita moja na nusu juu ya mto Kagera. Karibu hakuna anayeliona hilo. Ukiwa darajani macho yako yako kwenye kingo na kwenye gari linalokuja mbele, nani atatazama kilomita?

Mjini uongo hubadilishwa kipimo. Ukiingia mjini saa haikimbii tena mara 19, inashuka hadi mara 3, kwa kuwa huko kila mita ina kazi. Hapa naona ufundi wa hali ya juu. Muda unanyooshwa pale ustadi unapohitajika, unabanwa pale usipohitajika, na mchezaji anavuka mpaka huo bila kuambiwa.

Tatizo gumu zaidi liko machoni. Ukizifinya kilomita 92 ziwe 5, taa za kijiji kimoja zitaonekana kutoka kingine na uongo utafichuka. Dawa ya wabunifu ni kilima, ukuta wa miti, au kona iliyowekwa mahali isipohitajika na barabara. Kwa hilo Ngara, wilaya ilimo Rusumo, ingekuwa neema kwao: milima yake inaficha upeo wa macho bila msaada wa mtu. Tambarare za Singida zingewatoa jasho.

Katika gemu za mpira mpango huohuo unaonekana kwa upande wa pili. Dakika 90 zinachezwa kwa 10, lakini mchezaji hakimbii mara 9 zaidi ya binadamu, maana hapo vidole visingeweza kumfuata. Basi ili mechi iwe na mabao mawili matatu kama ilivyozoeleka, mashambulizi lazima yafike golini upesi kuliko uwanjani. Kwenye vibanda vya gemu vya miji yetu, ambako mtu hulipia mechi na mwenzake yuko nyuma akingoja zamu, ufupi huo ndio unaokifanya kibanda kiendelee kuwepo.

Wachezaji nao hutunga uongo wao na kuukubali. Bus Simulator Indonesia, iliyotolewa na kampuni ya Maleo mwaka 2017, inaruhusu mtu kuweka gari lake na rangi zake, na vijana wa Tanzania na Kenya wamelivalisha basi la Indonesia rangi za mabasi ya kwao. Basi la kwetu linapita kwenye barabara za Java na hakuna anayelalamika. Inasaidia kwamba Indonesia nao huendesha upande wa kushoto. Kiunzi kikiwa sahihi, jina la mji si tatizo.

Ila kuna mahali ambapo, kwa maoni yangu, ukataji umepitiliza, napo ni kwenye mizani. American Truck Simulator, gemu ya mwaka 2016 ya kampuni ileile ya Prague, ina vituo vya kupimia uzito. Unaingia, unasimama, taa inawaka kijani, unaondoka. Ukipitiliza unatozwa faini. Mzigo wenyewe haujawahi kuzidi hata siku moja, kwa sababu gemu ndiyo iliyoupakia, tena kihalali. Kwa hiyo hakuna kinachopimwa.

Linganisha na mizani ya Nyakahura, iliyo kwenye njia ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa lori zima, lakini kila kundi la ekseli nalo lina kikomo chake. Lori linaweza kuwa na tani 52 kwa jumla na bado likakwama, kwa kuwa mzigo umeegemea nyuma. Hapo ndipo kuna kufikiri: mzigo ulipangwaje ulipopakiwa, breki za njiani zimeusogeza kiasi gani, upangwe upya au ulipiwe? Huu ni ustadi wa dereva na utingo wake, sawa na kukata kona, na gemu imeutupa pamoja na foleni kana kwamba ni kitu kimoja.

Foleni ikatwe, sina ubishi. Ukaguzi haustahili kwenda nayo. Lucas Pope alilithibitisha hilo mwaka 2013 kwa Papers, Please, gemu ambayo mchezaji ni afisa wa mpakani anayekagua hati siku nzima, na watu wakaipenda sana.

Atakayeitengeneza gemu ya barabara hii azibane kilomita 92 kwa 19 bila hofu, na pale Rusumo akumbuke kuwahamisha madereva kutoka kushoto kwenda kulia. Akifika Nyakahura aishushe saa hadi mara 3 kama mjini, ampe mchezaji tela lililozidi tani moja kwenye ekseli za nyuma, na amruhusu kufungua turubai.