Mzizi Mmoja, Njia Nyingi: Uhakiki wa Hoja ya Asili katika Ukoo wa "Scire"

Imani moja imekita katika ufundishaji wa Kiingereza na, kwa kiasi kikubwa, katika mijadala ya istilahi za Kiswahili. Imani hiyo ni kwamba maana ya kweli ya neno imo katika mzizi wake, na kwamba aujuaye mzizi amekwisha kuyajua maneno yote yaliyochipuka humo. Makala haya yanakusudia kuipima imani hiyo kwa kuchunguza ukoo mmoja tu wa maneno ya Kiingereza, ule uliotokana na kitenzi cha Kilatini "scire", yaani kujua. Vitabu vya waandishi wawili, Norman Lewis wa Marekani na C. S. Lewis wa Uingereza, vitatumiwa kama mihimili ya mjadala. Waandishi hao wanashirikiana jina, lakini njia zao hazikutani.

1. Njia ya mzizi

Kitabu cha Norman Lewis, Word Power Made Easy, kilitoka mwaka 1949 na kingali kikisomwa. Njia yake ni nyepesi: msomaji hupewa mzizi wa Kilatini au wa Kiyunani, kisha huonyeshwa maneno yaliyojengwa juu yake. Ajuaye kwamba "vertere" ni kugeuza hapati taabu kukumbuka kuwa "introvert" ni mtu aliyeigeuzia nafsi yake ndani, na "extrovert" ni aliyeigeuzia nje. Kwa maneno yaliyoundwa na wasomi kwa makusudi, njia hii haina ubaya. Katika ukoo wa "scire", "omniscient" ni ajuaye yote, na "prescient" ni ajuaye jambo kabla halijatokea. Hapo mzizi na maana vinakwenda sambamba.

Lakini ukoo huu una watoto wengine. Neno "nice" limetokana na "nescius", yaani asiyejua. Liliingia katika Kiingereza mnamo mwaka 1300 hivi kwa njia ya Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya mpumbavu. Baadaye lilimhusu mtu mchaguzi, kisha jambo linalotaka uangalifu mkubwa, na katika karne ya 18 likawa sifa ya kitu cho chote kinachopendeza. Katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817, Henry Tilney anamtania Catherine Morland kwa kulibandika neno hilo kila mahali. Tilney anadai kwamba hapo awali huenda lilihusu unadhifu na ustaarabu tu. Yafaa izingatiwe kwamba huo anaouita mwanzo haukuwa mwanzo. Kabla ya unadhifu kulikuwa na upumbavu. Hilo ndilo kosa la kawaida la mtetezi wa asili: husimama katika kituo kimoja cha safari ya neno akakiita chimbuko.

2. "Science" na elimu

Neno "science" lilipoingia katika Kiingereza katika karne ya 14 lilikuwa na maana pana ya ujuzi. Wafasiri wa Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 walilitumia katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 6, aya ya 20, kufasiri neno la Kiyunani "gnosis". Msomaji wa leo asiyejua historia hiyo atadhani kwamba Mtume Paulo alikuwa akiwashutumu wachunguzi wa kemia na fizikia. Wasahihishaji wa mwaka 1881 waliliondoa wakaweka "knowledge", kwa kuwa kufikia wakati huo "science" ilikuwa imeanza kufinywa imaanishe uchunguzi wa maumbile. Neno "scientist" lenyewe lilibuniwa na William Whewell mwaka 1833 tu. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version walitumia "elimu" katika aya hiyo, nao walikuwa sahihi. Waliufuata muktadha, wakaliacha umbo la neno la Kiingereza.

3. "Conscience" na dhamiri

C. S. Lewis, katika Studies in Words (1960, toleo la pili lililoongezwa, 1967), amelipa jambo hili sura nzima. Anaonyesha kwamba "conscientia" ya Kilatini ilikuwa na maana mbili. Katika ya kwanza, kiambishi "con" kina nguvu yake ya "pamoja": mtu anajua jambo pamoja na mwenzake, kama washiriki wa siri, au analijua pamoja na nafsi yake mwenyewe. Katika ya pili, nguvu hiyo imefifia, ukabaki ujuzi tu. Kutoka hapo Kiingereza kilipata maneno mawili yaliyoachana, "conscience" na "conscious". Hili la pili lilikuwa geni hata Ben Jonson akalidhihaki: katika mchezo wake Poetaster (1601) limo miongoni mwa maneno ambayo mshairi Crispinus anatapishwa. Dhihaka hiyo haikuliua. Mwishoni mwa karne hiyo hiyo "consciousness" ilikuwa nguzo ya hoja za John Locke. Pierre Coste, aliyemfasiri Locke kwa Kifaransa mwaka 1700, alipata taabu kubwa, maana katika Kifaransa neno "conscience" linabeba mizigo yote miwili.

Kiswahili kinatoa ushahidi ambao C. S. Lewis hakuutafuta. "Conscience" kwa Kiswahili ni dhamiri, neno la asili ya Kiarabu ambalo mzizi wake unahusu kilichofichika ndani. Taswira ya Kilatini ni ya kujua pamoja. Taswira ya Kiarabu ni ya kusitirika. Mizizi miwili yenye taswira zinazopingana imefika katika maana moja, ilhali mzizi mmoja wa "scire" umezaa "nice" na "conscience", maneno yasiyohusiana kwa lo lote. Mgonjwa aliyepoteza "consciousness" hakupoteza dhamiri, amepoteza fahamu. Mfasiri atakayeufuata mzizi atamhukumu mgonjwa badala ya kumtibu.

4. Mafunzo kwa Kiswahili

Ukoo unaolingana na huu umo katika Kiswahili. Elimu, mwalimu, maalumu, taaluma na alama yote yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Hata hivyo "ma'lum" ya Kiarabu ni kilichojulikana, na maalumu ya Kiswahili ni cha pekee. Katika "mu'allim", silabi ya kwanza ni kiambishi cha Kiarabu. Waswahili waliisikia kama kiambishi cha ngeli ya watu, wakasema mwalimu, walimu, na kisha ualimu. Neno lilikuja na mzizi wake, lakini sarufi ya Kibantu ndiyo iliyolipa makazi.

Suala hili lina uzito nje ya darasa. Hoja ya mzizi imetumiwa mara nyingi kudai kwamba Kiswahili ni tawi la Kiarabu kwa sababu maneno yake mengi ya dini, sheria na elimu yana asili hiyo. Kwa kipimo hicho Kiingereza, kilichokopa "science", "conscience" na maelfu ya maneno mengine, kingekuwa tawi la Kilatini, na hakuna mwanaisimu anayekubali hivyo. Kadhalika wako wanaotaka "sayansi" ifutwe kwa kuwa "elimu" inatosha. Kiswahili hakikukopa "scientia" ya Warumi. Kilikopa "science" ya karne ya 19, baada ya kufinywa, na kwa hiyo sayansi na elimu zina kazi mbili tofauti.

5. Tathmini

Ubora wa C. S. Lewis ni onyo lake dhidi ya kile anachokiita maana ya hatari: maana ya leo ambayo msomaji huipachika katika maandishi ya kale bila kujua. Katika usemi mashuhuri wa Hamlet, kwa mfano, wahakiki wamebishana kama "conscience" ni dhamiri au ni tafakuri. Udhaifu wake ni kwamba ushahidi wake unatoka karibu wote katika vitabu vya wasomi wa Ulaya. Usemi wa sokoni na jikoni, ambako "nice" ilibadilika, hausikiki. Norman Lewis, kwa upande wake, anamsaidia mwanafunzi kukumbuka, lakini hamfundishi kushuku. Mzizi ni shahidi wa neno lilikotoka, na ushahidi wake unastahili kusikilizwa. Hukumu ya maana, hata hivyo, ni ya wasemaji, na mtunga kamusi hana budi kuwauliza wao kwanza.