"Daylight" si mchana tu

Neno "daylight" linaonekana jepesi. Mkalimani analisikia, anasema "mchana", kazi inaendelea. Mimi nasema hapo ndipo maneno ya mtu yanapoanza kuharibika.

"Daylight" ni ule mwanga wa jua unaokuwezesha kuona bila taa, toka kunapokucha mpaka giza linapoingia. Mchana wetu ni mfupi kuliko huo. Ni kweli tunasema "usiku na mchana", lakini mtu wa Buyenzi ukimuuliza tukio lilikuwa wakati gani, asubuhi ni asubuhi na jioni ni jioni, hata jua likiwa bado linawaka.

Sasa fikiria mahojiano ya kwenda nchi ya tatu. Afisa anauliza kwa Kiingereza kama bado kulikuwa na "daylight". Mkalimani: "Ilikuwa mchana?" Mama anajibu: "Hapana, ilikuwa jioni." Afisa anaandika kwamba kulikuwa giza. Kumbe mama anasema saa 11, na saa 11 jioni Bujumbura bado ni kweupe, jua halijazama nyuma ya milima ya Uvira. Baadaye akisema alizitambua sura za waliovunja mlango, anaonekana mwongo.

Afisa naye ana jua la kwao. London, mwezi wa 12, saa 10 jioni giza linaanza kuingia. Mwezi wa 6, mwanga unafika mpaka saa 3 usiku. Sisi wa karibu na ikweta tuna kama saa 12 za mwanga, mwaka mzima. "Jioni" yake na yetu haziko sawa.

Kosa linakuja pia kutoka upande wetu. Mtu akisema "walimchukua mchana kweupe", hatoi saa. Anasema walifanya bila kujificha, watu wakiona. Mkalimani akitafsiri "saa 6 mchana", ameongeza saa ambayo haikusemwa, na amewafuta mashahidi. Ajabu ni kwamba Kiingereza kina msemo wa maana hiyo hiyo, na "daylight" imo ndani yake!

Basi ndugu mkalimani, uliza hivi: "Bado kulikuwa na mwanga? Uliweza kumtambua mtu bila taa?" Na wewe unayehojiwa, ukiulizwa kama ilikuwa mchana, usiishie kwenye ndiyo au hapana. Sema jua lilikuwa wapi, na ulimwona nani.