Neno "Gesi" na Mnyororo wa Alkani: Uhakiki wa Lugha ya Mjadala wa Nishati ya Kupikia

Mjadala wa istilahi za kemia katika Kiswahili mara nyingi hukwama kwenye tahajia. Anayefuata maandishi ya Kiingereza huandika alkani, alkeni na alkini. Anayefuata matamshi yake huishia na alkeni, alkini na alkaini. Hivyo alkeni kwa mmoja ni haidrokaboni iliyoshiba, kwa mwingine isiyoshiba. Ni kasoro, na makala haya yanashika alkani. Hata hivyo, kasoro iliyo ghali zaidi imo katika neno lisilobishaniwa tahajia yake: gesi.

Katika mazungumzo ya kila siku, gesi ya Songo Songo na ile ya mtungi wa jikoni zote ni gesi tu. Ndipo huzaliwa swali lisikikalo vijiweni hadi kumbi za semina: vipi Tanzania, iliyogundua gesi Songo Songo mwaka 1974 na kuanza kuizalisha mwaka 2004, bado huagiza gesi ya mitungi kutoka nje? Majibu huwa ya kodi na mikataba. Yana nafasi yake, ila huliruka jibu la kemia, ambalo ndilo linaloyawekea mengine mipaka.

Gesi ya Songo Songo karibu yote ni methani, alkani yenye kaboni moja. Ya mtungi wa jikoni ni mchanganyiko wa propani, yenye kaboni tatu, na butani, yenye nne. Ndani ya molekuli hizi vifungo ni vya namna moja: kila kaboni hushirikiana elektroni na majirani wanne, kwa pembe za karibu nyuzi 109.5. Tofauti imo baina ya molekuli na molekuli. Kaboni na haidrojeni huvuta elektroni kwa nguvu zinazokaribiana, kwa hiyo alkani haina ncha zenye chaji za kushikana. Hushikamana kwa mvutano dhaifu utokanao na kuyumbayumba kwa elektroni. Mnyororo ukirefuka, eneo la kugusana huongezeka. Methani huchemka kwenye nyuzi -161.5 za Selsiasi, propani -42, butani -0.5, pentani, ichemkayo kwenye 36, ni kimiminika hata mchana wa Dar es Salaam.

Hapa ndipo maelezo ya kusema kwamba mnyororo mrefu huchemka kwa shida kwa kuwa una vifungo vingi vya kukatwa yanapopotosha. Kuchemka hakukati kifungo hata kimoja. Neopentani ina atomu na vifungo sawa na pentani kwa idadi, lakini kwa kuwa molekuli yake imejikunja kama tufe, huchemka kwenye nyuzi 9.5 tu. Neno kifungo libaki ndani ya molekuli. La nje liitwe mvutano.

Matokeo yake ni ya kibajeti. Katika joto la kawaida, propani hugeuka kimiminika kwa kanieneo ya takriban mara 10 ya angahewa, nayo chupa ya chuma inayobebeka huihimili. Methani iliyo juu ya nyuzi -82.6 haigeuki kimiminika kwa kanieneo yoyote. Ama isafiri kwa bomba, ama ishindiliwe hadi mara 200 hivi kama katika magari, ama ipozwe mno.

Mkakati wa Tanzania wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mshauri anayependekeza "kuongeza matumizi ya gesi" pasipo kusema ipi ameweka bomba la mtaani na meli ya bandarini katika kifungu kimoja cha fedha. "Gesi asilia" haitoshi kuzitenganisha, kwani propani nayo hupatikana ardhini. "Gesi ya mitungi" nayo haitoshi, kwani methani iliyoshindiliwa hubebwa mitungini vilevile. Majina methani, propani na butani yanatamkika kwa Kiswahili bila taabu, na hakuna sababu ya kuyaacha shuleni.