Wanawake wa Makhalifa: Kuchapa Upya ni Amana

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baad. Katika toleo hili tunakiangalia kitabu kidogo ambacho wengi wa wanafunzi wetu hawajakisikia: Nisaa al-Khulafaa, yaani Wanawake wa Makhalifa, cha Ibn al-Sa'i. Tunapenda kupima yaliyomo ndani yake, na zaidi ya hayo, tupime namna vitabu vya aina hii vinavyorudishwa sokoni.

Mwandishi ni Taj al-Din Ali bin Anjab, mwanahistoria na mtunza maktaba wa Baghdad, aliyezaliwa mwaka 593 H (1197 M) na kufariki mwaka 674 H (1276 M). Aliuona kwa macho yake msiba wa mwaka 656 H (1258 M), Wamongolia walipouteka mji huo na kumuua Khalifa al-Musta'sim. Aliandika vitabu vingi mno, lakini vilivyotufikia ni vichache. Hiki kimetufikia kwa nakala moja tu ya mkono, iliyohifadhiwa Istanbul. Lau nakala hiyo ingeungua au kuliwa na mchwa, kitabu kingekuwa kimekwisha.

Ndani yake mna tarjuma za wanawake 38. Wamo waungwana kama Buran, mke wa al-Ma'mun. Wamo wajakazi waliokuwa mafundi wa sanaa zao: Inan na Fadl katika mashairi, na Arib katika uimbaji. Yumo pia Banafsha, suria wa Khalifa al-Mustadi, aliyetoa nyumba yake Baghdad mwaka 570 H iwe madrasa ya Mahanbali, na akasomesha hapo Imamu Ibn al-Jawzi. Habari nyingi za kitabu hiki zimetajwa pamoja na sanadi zake.

Wapo ndugu watakaouliza: Waislamu wana haja gani na habari za waimbaji na masuria? Swali hili si la kupuuzwa, nasi tunalijibu kwa mambo mawili.

La kwanza, maulamaa wetu hawakuona haya kuandika habari za wanawake. Shuhda al-Katiba, aliyefariki mwaka 574 H (1178 M), alikuwa bingwa wa hati na mpokezi wa hadithi. Ibn al-Jawzi ni miongoni mwa waliosikia hadithi kwake, na Ibn Khallikan akamwekea tarjuma yake. Leo katika darasa zetu ni nani anayemtaja?

La pili, tarjuma hizi zinaeleza fiqhi ilivyoishi majumbani mwa watu. Mwanafunzi husoma kuwa umm walad, yaani mjakazi aliyemzalia bwana wake, kwa kauli ya jamhuri ya wanavyuoni hauzwi, na huwa huru bwana anapofariki. Husoma pia masharti ya wakfu. Lakini bila ya tarjuma kama hizi, hukumu hizo hubaki maneno matupu kwake. Hata hivyo tunatahadharisha: habari ya historia si dalili ya kisheria. Kwamba khalifa fulani alisikiliza uimbaji hakuhalalishi wala kuharamishi kitu.

Sasa tuje kwenye uchapaji. Kitabu hiki kilihakikiwa kwanza na Mustafa Jawad, mwanachuoni wa Iraq, kikatolewa Cairo katika karne iliyopita. Mwaka 2015 kikatoka tena New York, kwa uhakiki wa Shawkat Toorawa, Kiarabu na Kiingereza vikikabiliana. Toleo hilo tunalisifu, kwa kuwa msomaji anaweza kuipima tafsiri kwa asili yake. Baadaye likatolewa toleo la Kiingereza peke yake, na hapo ndipo tunaposita. Neno "jariya" hubeba hali nyingi: mtumishi, suria, aliyefunzwa sanaa, aliyezaa na asiyezaa. Kila hali ina hukumu yake. Asili ikiondolewa, mwanafunzi wa fiqhi hana tena cha kurejea.

Lililo zito zaidi ni hili. Nakala ikiwa moja tu, mhakiki hana nakala ya pili ya kulinganisha. Akikuta neno lililofutika au lililokosewa, hutafuta msaada katika vitabu vingine, kama vile al-Aghani cha al-Isfahani, kisha hukisia, na hueleza makisio yake chini ya ukurasa. Maelezo yale ndiyo sanadi ya kitabu kilichochapwa. Tumewahi kuona tarjuma za kale zikichapwa upya kwa haraka, maelezo yameondolewa ili kupunguza karatasi, na jina la mhakiki limefutwa. Basi kisio la mtu wa juzi husomwa kama tamko la mwandishi wa karne ya saba. Wanafunzi wa hadithi wanalijua jina la kasoro hii: ni idraj, yaani kuingiza katika matini maneno yasiyokuwa yake. Ikiwa tunaikataa katika riwaya, kwa nini tuinunue dukani?

Hata kwetu jambo hili lipo. Sayyida Salma, binti wa Sayyid Said wa Zanzibar, ambaye mama yake alikuwa suria kutoka Circassia, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, akiwa amekwishatoka katika Uislamu. Wengi wetu tunazisoma kwa Kiingereza, wala hatuulizi nani alifasiri, kutoka toleo lipi, na msimulizi alikuwa katika hali gani alipoandika. Maswali hayo hayamdhulumu msimulizi, bali ndiyo njia ya kumsikia sawasawa.

Kwa hiyo tunawausia maimamu na walimu wa madrasa: kabla ya kununua, fungueni kurasa za mwanzo. Tazameni jina la mhakiki, maelezo ya nakala ya mkono, na tanbihi za chini. Visipokuwepo, kiacheni kitabu hicho, hata kikiwa na jalada la dhahabu. Na wachapishaji wetu tunawaambia: wanawake hawa wametufikia kwa uzi mmoja mwembamba. Msiukate kwa kutaka kuokoa kurasa chache. Amana hurudishwa kwa mwenyewe kama ilivyo.

Wabillahi tawfiq.