Nusu saa iliyokosekana Bangoka

Kinshasa hadi Kisangani ni kilomita 1,225 hivi kwa mstari ulionyooka, na Boeing 727 huzimaliza chini ya saa mbili. Hesabu hiyo naikumbusha kwa sababu bado nawasikia watu wakisema kwamba tarehe 8 Julai 2011 mvua iliangusha 727 ya shirika la Hewa Bora ikija kutua Kisangani. Mvua ilikuwepo, ndiyo. Kilichoua zaidi ya watu 70 ni uamuzi wa kuendelea kutua.

Tuutazame polepole. Ni alasiri, wingu la radi limekaa juu ya Bangoka, uwanja wa ndege wa Kisangani. Hapa ikweta wingu la namna hiyo huja kwa hasira, na mara nyingi hupita ndani ya saa moja. Hatari yake kubwa ni upepo unaoporomoka kutoka ndani yake: kwanza humpiga rubani usoni na kuinua ndege, kisha humgeukia kwa nyuma, kasi juu ya mabawa ikaanguka ghafla. Wakati huo magurudumu yako nje, ardhi iko karibu, na injini za 727, zikishapunguzwa nguvu, huchukua sekunde kadhaa kuitika. Sekunde hizo huwa hazipo. Pisti ya Bangoka ina mita 3,500. Zote hazikufaa kitu, maana ndege iliangukia msituni kabla ya kuifikia.

Njia nyingine zilikuwepo. Kuzunguka nje ya wingu nusu saa. Au kupitiliza hadi Goma, karibu kilomita 500, ambako safari hiyo ilikuwa inaendelea. Najua, pisti ya Goma ililiwa na lava ya volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, na sitaacha kuilalamikia: ndipo DC-9 ya shirika hilohilo, ikiruka kuja kwetu Kisangani, ilipopitiliza na kuingia mtaa wa Birere tarehe 15 Aprili 2008. Hata hivyo, Goma bila dhoruba ingekuwa afadhali kuliko Bangoka chini ya radi.



Kungoja si jambo geni kwenye njia hii. Mwaka 1921 ndege za majini za shirika la LARA, aina ya Lévy-Lepen, ziliunganisha Kinshasa na Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Zilifuata mto Kongo, zaidi ya kilomita 1,700, kwa mwendo wa taratibu. Lakini rubani wa Lévy-Lepen alikuwa na maji ya kutua chini yake karibu njia nzima. Mbele pakiziba, aliweza kushuka akangoja. Marubani hao ndio walioujua umbali huu.

Leo tunauziwa saa mbili kana kwamba ni ahadi. Saa ya Kisangani iko mbele ya ile ya Kinshasa kwa saa moja, basi abiria hujihesabu amechelewa kabla hajashuka. Ndugu msafiri, rubani akitangaza kwamba anazunguka kungoja wingu lipite, usimpigie kelele. Mwache angoje.