Gesi ya Friji Haiishi, Huvuja

Mzunguko wa friji umefungwa. Gesi iliyoingizwa siku ya kwanza inatakiwa iwemo hata miaka kumi baadaye. Kwa hiyo fundi anaposema "gesi imeisha, tuongeze", ametangaza uvujaji bila kuutafuta. California ilijenga kanuni nzima juu ya jambo hilo.

Kanuni hizo, chini ya Bodi ya Rasilimali za Hewa (CARB), zilianza kutumika 2011. Zililenga mitambo ya majokofu yenye zaidi ya pauni 50 za gesi, karibu kilo 23. Shabaha ilikuwa sahihi. Supamaketi husukuma gesi kutoka chumba cha kompresa hadi kwenye makabati ya maziwa na nyama kupitia mamia ya mita za paipu za shaba, zenye maungio kila kona. Serikali ya Marekani hukadiria kwamba supamaketi ya kawaida hupoteza takriban robo ya gesi yake kwa mwaka. Na kilo moja ya R-404A, mojawapo ya gesi hizo za majokofu, ikitoroka, ni sawa na karibu tani 3.9 za kabonidayoksaidi.

Daftari ndilo lililowabana wenye mitambo. Gesi yote inayoongezwa huandikwa, na ikifika pauni 5 au asilimia 1 ya ujazo, kutegemea kipi ni kikubwa, ukaguzi ni lazima. Hata doa la mafuta kwenye nati linatosha, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi na hubaki pale ilipotokea. Mitambo ya pauni 2,000 kwenda juu hufungiwa vitambuzi vinavyonusa muda wote. Tundu likionekana, mwenye mtambo ana siku 14 za kuliziba, kisha hupimwa tena mtambo ukiwa kazini. Kipengele hicho ndicho nakiheshimu zaidi: nati iliyokazwa kompresa ikiwa imezimwa huweza kulegea ikishapata baridi na mtikisiko.

Viyoyozi havikuingizwa kwenye ukaguzi huo. Dar es Salaam au Mombasa, ambako viyoyozi vidogo vya split vimejaa ukutani, kunakili kiwango cha pauni 50 kungekuwa kazi bure. La kuazima ni daftari.

Tangu Januari 2022, mitambo mipya ya ukubwa huo California hairuhusiwi kutumia gesi zenye nguvu ya kupasha joto dunia mara 150 au zaidi ya ile ya kabonidayoksaidi. Baadhi ya supamaketi zimehamia kabonidayoksaidi yenyewe. Ikivuja, hasara ni ndogo. Lakini presha yake hupita bari 90, na geji zilizozoea R-404A haziwezi kuihimili.