Sataranji ya Marafiki Wanne

Ukitaka kumjua mtu, husemwa, safiri naye. Nami naongeza: ukikosa nauli ya safari, cheza naye. Mchezoni mtu husahau kujipamba, na tabia yake hutoka nje kama ilivyo. Kwa sababu hiyo mchezo wastahili kuhakikiwa kwa uangalifu uleule tuutumiao katika kuhakiki hadithi au tamthilia. Yafaa tuulize: Wataka nini kwa mchezaji? Wampa nini? Na akiisha kucheza, je, ni mtu bora kuliko alivyokuwa kabla ya kuketi?

Mchezo ninaotaka tuutazame pamoja, ewe msomaji, ni sataranji, ambayo vijana wengi wa Kenya huiita chesi. Wala sisemi juu ya sataranji ya wazee wawili walioketi kivulini, bali ile inayochezwa siku hizi kwa njia ya mtandao na timu ndogo za marafiki. Hapa Kakamega nimeiona katika chuo cha ualimu. Jioni, masomo yakiisha, wanachuo wanne huketi katika bwalo la chakula, kila mmoja na simu yake. Na katika mji mwingine, wanne wengine huketi vivyo hivyo. Mtu wa kwanza hupambana na wa kwanza, wa pili na wa pili, hata wa nne. Ashindaye huiletea timu yake pointi 1. Wakitoka sare kila upande hupata nusu. Na timu ifikishayo pointi 2 na nusu imeshinda. Gharama yake si kubwa. Tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, haitozi ada wala haina matangazo ya biashara. Mchezaji ahitaji simu na data kidogo tu.

Jina la mchezo huu lina safari ndefu. Sataranji tumelipokea kutoka kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi, ambao waliuita chaturanga, yaani viungo vinne. Viungo hivyo vilikuwa sehemu nne za jeshi la kale: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Hata neno shaha, tunalomwitia mshairi mkuu, asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni mfalme. Basi tangu mwanzo mchezo huu ni habari ya wengi wanaotegemeana. Lakini mkono unaowasogeza hao wengi ni mmoja, na kichwa kinachofikiri ni kimoja. Hapo ndipo lawama ya kwanza izaliwapo.

Lawama yenyewe ni hii: timu ya sataranji si timu, ni watu wanne wapweke waliofungwa kamba moja. Sisi wa Kakamega twajua ushirikiano ulivyo. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, huchezwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Ndogo ikinyamaza, kubwa husikika kama mlango unaogongwa usiku. Lakini katika sataranji mchezaji wa ubao wa kwanza aweza kumaliza mchezo wake pasipo kujua kama wa nne angali ameketi au amekwenda kulala.

Lawama hii ina kweli, ila si kweli yote. Tazama yatokeayo saa inapokaribia kwisha. Marafiki wawili wamekwisha kushinda, mmoja ameshindwa, na mchezaji wa mwisho yungali ubaoni. Kama angekuwa peke yake, pengine angemtoa malkia wake katika hatari kubwa, apate ushindi wa kusimuliwa mwaka mzima. Sasa ajua kwamba nusu pointi yatosha. Huimeza tamaa yake, hukubali sare, na timu hushinda kwa pointi 2 na nusu. Hakuna atakayelikumbuka jina lake. Lakini bila yeye pasingekuwa na ushindi. Tena nusu pointi ya mnyonge ina uzito uleule wa nusu pointi ya bingwa. Ni michezo michache inayomfunza kijana hesabu hiyo waziwazi namna hii.

Waandishi wa hadithi, hata hivyo, hupenda kumsifu mmoja. Huenda umeitazama filamu ya Queen of Katwe, iliyotengenezwa na Mira Nair mwaka 2016 kutokana na kitabu cha Tim Crothers, nayo yasimulia habari za Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe mjini Kampala, na mwalimu wake Robert Katende. Ni filamu nzuri. Mama mzazi, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, ana heshima na uchungu wa kweli, na umaskini haukupakwa rangi ya kupendeza. Lakini nina neno moja nayo. Mwaka 2009 Phiona alipokwenda Juba kushindana na watoto wa nchi nyingine za Afrika, hakwenda peke yake. Alikuwa pamoja na Benjamin Mukumbya na Ivan Mutesasira, nao watatu hao wakarudi na ushindi. Filamu haikuificha safari hiyo. Ila jina lake limemtawaza malkia mmoja, na macho yetu hufuata taji. Kijana wa Kakamega aitazamapo huondoka akiota kuwa Phiona. Ni wangapi huondoka wakitamani kuwa Ivan au Benjamin? Nao ndio walioketi kwenye mbao za pili yake.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nami siwezi kuitaja bila kujitaja mwenyewe. Ni lawama ya msaada wa siri. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, watazamaji huzunguka na kusema. Huyu hucheka, yule hushauri, na mchezaji huchuja maneno yao. Hakuna anayedanganywa, kwa kuwa ushauri husikiwa na pande zote mbili. Sataranji ina sheria nyingine. Hata katika Olimpiadi yake, nahodha aweza kumwambia mchezaji wake akubali sare au akatae, lakini hana ruhusa ya kusema neno lolote juu ya kete zilivyosimama. Ubaoni, mwamuzi hutazama. Mtandaoni, nani atamwona rafiki aliyesimama nyuma ya kiti? Nani ataiona simu ya pili chini ya meza, yenye programu inayojua kucheza kuliko mabingwa wote wa dunia?

Wala tusidhani kwamba ukumbi wenye waamuzi huzuia hila zote. Katika mashindano ya Kenya Open, Nairobi, mwaka 2023, mwanafunzi mmoja wa kiume alijifunika uso kwa nikabu na miwani, akajiandikisha katika kundi la wanawake, akawashinda wachezaji wenye sifa kabla ya kutambuliwa. Aliomba radhi, akasema shida ya fedha ndiyo iliyomsukuma. Kisa hicho kilichekwa mahali pengi. Mimi nilikicheka pia, mpaka nilipoketi nikakumbuka langu.

Jumamosi moja timu ya wanachuo wetu ilikuwa ikipambana na timu ya chuo kingine. Mbao tatu zilikwisha: mmoja wetu ameshinda, mmoja ameshindwa, mmoja ametoka sare. Pointi 1 na nusu kila upande. Ilibaki simu ya msichana wa ubao wa nne, mwanagenzi kuliko wote. Nilisimama nyuma yake. Nikaona kwamba farasi wake angeweza kuruka mahali ambapo angemtisha mfalme na ngome kwa pamoja. Alikuwa akisita, na sekunde zilikuwa zikipungua. Nikainama kidogo, nikasema kwa sauti ya chini, "Farasi." Akamsogeza farasi, akaichukua ngome, akashinda. Bwalo lote likashangilia.

Baada ya kelele kutulia alinijia, hana furaha, akasema, "Mwalimu, sasa sitajua kamwe kama ningemwona mwenyewe."

Msomaji, nimesoma vitabu kadhaa juu ya malezi, lakini sikupata hukumu fupi kuliko hiyo. Nilidhani nimempa ushindi, kumbe nimemnyang'anya. Hata kama angeshindwa, kushindwa kungekuwa mali yake, na angejifunza. Nilichomwachia ni pointi isiyo ya mtu. Jioni ileile tuliwaandikia wenzetu wa chuo kile, tukawaeleza yaliyotokea na kuwaachia mchezo. Matokeo yakageuka, tukashindwa kwa pointi 1 na nusu dhidi ya 2 na nusu. Mmoja wa timu yetu alinung'unika kwamba hakuna aliyeona. Yule msichana akamjibu, "Sisi wanne tuliona."

Lawama ya tatu ni ya mitambo. Umeme hukatika, mtandao hupotea, na saa ya mchezo haina huruma. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga kumbi, shirikisho la dunia la sataranji, FIDE, liliandaa Olimpiadi ya mtandaoni ya timu za watu 6, ambamo wanaume, wanawake na vijana walicheza bega kwa bega. Katika robo fainali mchezaji wa Armenia alikatikiwa na mtandao akipambana na India. Rufaa yao ikakataliwa, nao wakajitoa. Katika fainali ya tarehe 30 Agosti, Wahindi wawili walipotewa na mawasiliano wakicheza na Urusi, wakahesabiwa wameshindwa kwa saa. Safari hii rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, aliamua nchi zote mbili zipewe dhahabu. Utaona kwamba msiba ulifanana, hukumu hazikufanana. Simlaumu mtu kwa kuwa na huruma. Nauliza tu kwa nini huruma ilichelewa kufika. Nawe mwanafunzi, ambaye simu yako pengine ni kuukuu kuliko ya mwenzako, jambo hili lakuhusu. Patana na wapinzani kabla ya kuanza: mtandao ukikatika, tufanyeje? Mapatano ya mapema huondoa ugomvi wa baadaye.

Basi hukumu yangu ni ipi? Sataranji ya mtandaoni katika timu ndogo ni mchezo mwema wenye mlango mmoja ulio wazi, na mlinzi wa mlango huo ni mchezaji mwenyewe. Mpira una mwamuzi mwenye kipenga. Insha ya darasani ina mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Lakini kijana aliye peke yake mbele ya simu ana wenzake watatu tu wanaomwamini. Ikiwa imani hiyo haimzuii, hapana kitakachomzuia. Ikiwa yamzuia, amejifunza jambo ambalo sisi walimu hulihubiri miaka mingi bila kufaulu.

Nawashauri wanaotaka kuanza wafanye mambo matatu. Kwanza, ketini chumba kimoja ikiwezekana, lakini pasiwe na mtu nyuma ya kiti, hata awe mwalimu wenu. Pili, mkimaliza, rudieni mchezo mlioshindwa kabla ya ule mlioshinda, wote wanne pamoja, kete kwa kete. Hapo ndipo watu wanne wapweke huwa timu. Tatu, msimweke mnyonge ubao wa nne mkamsahau. Siku moja mbao tatu zitakuwa zimekwisha, hesabu itakuwa sawa, na nyote mtakuwa mkimtazama yeye. Siku hiyo mpeni zawadi niliyoshindwa mimi kumpa mwanafunzi wangu: nyamazeni.